Mkono, Waya, Mashine

     Vijana wa vijiweni vya Mbulu na Hanang, najua saa hizi mmeegesha pikipiki mnasubiri abiria wa mwisho, redio iko kwenye simu na simu iko mfuko wa shati. Basi ongezeni sauti kidogo, maana mazungumzo ya leo ni yenu. Ni yenu, na ni ya yeyote anayeendesha chombo kinachopokea amri kwa waya: pikipiki ya magurudumu mawili, ile ya magurudumu matatu inayobeba mizigo, na boti ya injini pia. Nasikia mtu anacheka kwamba boti na Mbulu wapi na wapi. Nitafika huko, tulia.

Swali letu la leo ni hili. Unavuta mafuta, chombo hakiitikii. Au unaachia mafuta, injini inaendelea kupiga kelele peke yake. Au unakanyaga gia inakataa, ikikubali inaingia kwa kishindo mpaka abiria anauliza kumetokea nini. Unaanzia wapi kutafuta ubovu?

Wengi tunaanzia kwenye injini. Fundi anafika, hajauliza maneno mawili, kabureta iko chini. Imefunguliwa, imepulizwa, imeoshwa kwa petroli, imerudishwa. Hali ni ile ile. Basi inafuata plagi. Halafu inasemwa klachi imekwisha, nunua sahani mpya. Mwenye pikipiki anatoa hela ya vitunguu saumu alivyouza jana, na jioni ubovu uko palepale. Mpaka siku moja mtu mwingine, tena mara nyingi si fundi, anashika waya wa mafuta na kugundua kwamba ganda lake limevunjika pale chini ya tangi.

Kwa hiyo jibu langu ni fupi, na nitalirudia mpaka mnichoke: anzia mkononi, yaani pale unaposhika kutoa amri, njoo kwenye waya, malizia kwenye mashine. Mkono, waya, mashine. Kwa mpangilio huo.

Kwa nini mpangilio huo? Kwanza, mkono na waya ndivyo vinavyochoka mapema. Ndivyo vilivyo nje, ndivyo vinavyokula vumbi la Basotu na tope la njia za Haydom, na ndivyo vinavyovutwa kila dakika. Pili, kuvikagua hakugharimu kitu. Huhitaji kufungua injini wala kumwaga oili. Na tatu, hili ndilo kubwa: ukivikagua vizuri hivi viwili, ukaona ni vizima, ndipo utaifungua mashine ukijua kwamba tatizo limo humo, hubahatishi.

Hebu tuuelewe huo waya wenyewe. Unaitwa waya wa Bowden, kwa jina la Ernest Bowden, aliyepewa hataza yake mwaka 1896, na ulipata umaarufu kwenye breki za baiskeli. Una vitu viwili. Ndani kuna waya uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, na kwenye ncha zake kuna vichwa vidogo vya risasi. Nje kuna ganda: chuma kilichozungushwa kwa duara kama springi, kikafunikwa kwa plastiki. Watu wote wanauangalia waya wa ndani. Ganda hakuna anayelijali. Lakini ganda lina kazi kubwa vilevile, kwa sababu waya unavuta na ganda linakaza upande wa pili. Ganda likikunjika, au ncha yake ikichomoka kwenye kikombe chake, waya unaweza kuwa mpya kabisa na bado chombo kikakosa utii. Ganda likisogea, injini inadhani umevuta mafuta. Hukuvuta.

Sasa jipimie mwenyewe nyumbani. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa. Washa injini, iache silensa, yaani izunguke polepole yenyewe, usishike mafuta kabisa. Halafu geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Sikiliza. Sauti ya injini imebadilika? Ikipanda unapogeuza usukani, usimwite mtu wa kabureta. Waya wako umepitishwa mahali pabaya, au umebanwa na tangi, au hauna nafasi. Hicho ni kipimo cha nusu dakika, na kuna watu wamefungua kabureta mara kadhaa bila kukifanya.

Kipimo cha pili, zima injini. Vuta mafuta mpaka mwisho, kisha achia ghafla. Mkono unatakiwa urudi wenyewe, haraka, ukigonga mwisho wake. Ukirudi taratibu, au ukibaki njiani, kuna kitu kinashika. Kinachoshika kiko wapi? Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo namtaka kila mmoja awe mvumilivu.

Unatenganisha. Toa waya kwenye kabureta, uache unaning'inia. Sasa zungusha mkono tena. Ukiwa bado mgumu, kabureta haihusiki hata kidogo. Iachie heshima yake. Tatizo ni waya au mkono. Basi toa waya na upande wa mkono. Ushike waya peke yake, ncha moja huku na ncha nyingine kule, uvute na kurudisha. Unateleza? Basi waya ni mzima, mgonjwa ni mkono: mpira umesogea na kusugua usukani, au usukani ulipinda siku ile ulipoanguka, au ndani ya mkono mmejaa udongo na grisi kavu. Waya hautelezi, unakwaruza? Umemkamata. Na kama vyote viwili ni vizuri, mkono unazunguka vizuri na waya unateleza, sasa ndiyo, fungua kabureta, utakuta pistoni yake imeshika uchafu.

Mmeona? Tumeigawa njia vipande vitatu na kukiuliza kila kimoja peke yake. Mkono, waya, mashine.

Ukiutoa waya, usiishie kuuvuta tu. Angalia ncha zake kwa makini, hasa pale unapoingia kwenye kichwa cha risasi upande wa mkono. Hapo ndipo unapokatika. Haukatiki wote siku moja. Unaanza uzi mmoja, halafu wa pili, na nyuzi zilizokatika zinasimama pembeni kama nyuzi za katani, zinaingia ndani ya ganda na kukwaruza. Mwendeshaji anahisi mkono umekuwa mzito. Anamwagia oili. Unakuwa mwepesi siku mbili. Siku ya tatu, akiwa katikati ya Dongobesh na Haydom, tena na mama mjamzito anayepelekwa hospitali, waya unakatika wote. Ukipitisha kidole pale kwenye ncha ukachomwa, huo waya umeshamaliza siku zake. Badilisha leo.

Na oili je? Nimeulizwa sana kuhusu oili. Waya wa pikipiki wa kawaida unapenda oili nyepesi, tena kidogo. Utundike ukiwa wima, funga kipande cha nailoni juu uwe mdomo wa kumiminia, weka matone, uache usiku kucha mpaka oili itokee chini. Usiweke grisi nzito, maana grisi na vumbi letu vikichanganyika vinakuwa msasa. Na usioshe kwa dizeli ukaishia hapo, dizeli inatoa uchafu, inatoa na ulaini wote. Ukikuta waya wako ndani ya ganda una bomba jembamba la plastiki, huo umetengenezwa uteleze bila oili, uache.

Nafasi. Hapa nitaongea polepole, maana ndipo watu wanapokosana na pikipiki zao. Kila waya unatakiwa uwe na nafasi kidogo ya kulegea kabla haujaanza kuvuta. Kwenye mafuta, ni milimita 2 hadi 6 hivi ukipima kwenye ukingo wa mkono. Kwenye klachi, kwa pikipiki nyingi ni kati ya sentimita 1 na 2 ukipima kwenye ncha ya mkono wa klachi. Mwenye kitabu cha pikipiki yake afuate kitabu. Hiyo nafasi si uzembe wa fundi. Vijana wengi wakiona klachi inalegea kidogo wanaikaza mpaka imekuwa ngumu, wanasema sasa imekaa sawa. Haijakaa sawa! Umeshaivuta klachi nusu bila kujua. Sahani hazibani tena vizuri, zinateleza, na ukipanda mlima na magunia mawili utasikia injini inanguruma lakini pikipiki haipandi. Hapo utaambiwa nunua sahani. Zilikuwa nzima, nati ya kurekebishia ndiyo iliyokazwa kupita kiasi. Na ukiendelea kuendesha hivyo, zitaungua kweli.

Kinyume chake ni klachi iliyolegea mno. Unavuta mkono mpaka mwisho, na bado klachi haijaachia yote. Dalili zake ni hizi: gia inaingia kwa kishindo, frii haipatikani ukisimama, na ukiweka gia ya kwanza huku umeshika klachi pikipiki inataka kuondoka. Watu wanasema gia mbovu. Wanaanza kufikiria kupasua injini! Ndugu yangu, kabla ya kupasua, fanya kipimo hiki. Zima injini. Sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo, huku unaingiza gia moja moja. Zinaingia laini? Basi gia ni nzima, na ubovu uko kwenye klachi. Nenda kwenye waya wa klachi, rekebisha nafasi, washa tena. Na angalia oili ya injini imekaa muda gani, maana oili chakavu nayo inazifanya sahani zishikane.

Ukizima injini na gia bado zinagoma, tazama kwanza kile chuma unachokanyaga. Kimepinda kikagusa injini? Meno yake yamelika, kinazunguka bure kwenye shimo lake? Hayo bado ni mambo ya nje. Lakini gia ikiingia vizuri halafu ikaruka yenyewe unapovuta mafuta, hiyo sasa ni ya ndani. Hiyo mpelekee fundi mwenye kumbukumbu ya kupasua na kurudishia bila kubaki na boliti mkononi.

Hanang haina upungufu wa mafundi wa namna hiyo, niseme ukweli. Yale mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, yalileta matrekta na mashine za kuvunia, na penye mashine za kuvunia hapakosi watu wa spana. Ukibahatika kumpata mzee aliyepita kwenye karakana za namna hiyo, mtazame anavyoanza kazi. Haanzi kwa kufungua. Anashika kila mkono, anautikisa, anauliza ilianza lini na ilikuwa inafanya nini kabla haijaharibika. Anakusumbua kwa maswali kabla hajachafua mikono. Mwenye haraka anaudhika. Mimi fundi wa maswali ndiye ninayemwamini.

Tugeukie hatari sasa, hapa sitaki mzaha. Mafuta yamekwama yakiwa wazi, na wewe unashuka mlima Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, kona moja baada ya nyingine. Utafanya nini? Zima swichi ile ya kuzimia injini, kwa kidole gumba, bila kuachia usukani. Shika breki zote mbili. Ukiwa tambarare unaweza kuvuta klachi kwanza, injini itapiga kelele lakini pikipiki haitasukumwa. Ila kwenye mteremko, injini ikishazima, usikae umeshikilia klachi. Iachie taratibu, ile gia iliyoingia isaidie breki zako. Narudia: swichi, breki, na kwenye mteremko klachi usiishikilie.

Lakini nina swali kwa watu wa kijiweni. Hiyo swichi ya kuzimia inafanya kazi? Zipo pikipiki ngapi ambazo nyaya zake zilikatwa zamani, kitufe kimebaki pambo? Kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, washa, bonyeza, uone. Isipozima, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya siku.

Na wale wa dharura za njiani. Najua waya ukikatika porini huwezi kulala hapo. Ila kuna mtu anafunga uzi kwenye kabureta, anauvuta kwa mkono mmoja huku anaendesha kwa mwingine, tena na abiria nyuma. Uzi hauna ganda la kuuongoza. Ukinasa kwenye goti lako, mafuta yamefunguka. Mshushe abiria. Na mwenye kuweka waya wa breki ya baiskeli kwenye klachi ajue ule ni mwembamba, utanyooka na kulegea, na jioni gia zitaanza tena kupiga kishindo. Ufike nao gereji, usifanye nao biashara.

Wenye pikipiki za magurudumu matatu, yenu ni yale yale, ila waya wenu ni mrefu zaidi na umepita kona nyingi zaidi, na kila kona ni mahali pa kukwaruza. Halafu mna mkono wa rivasi. Simama kabisa kabla ya kuugusa. Nimemaliza na nyie.

Haya, boti. Niliahidi.

Tuna maziwa, wasikilizaji. Basotu ni ziwa la maji baridi na lina samaki. Tlawi liko pale jirani na Mbulu mjini. Ukitoka kidogo kuna Babati lenye viboko, Manyara liko chini ya ukingo, na Eyasi upande wa machweo. Kwenye maziwa haya kasia bado ndilo bwana. Lakini vijana wetu wameenea. Wapo kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu huko Simanjiro, ambako ni mkoa wetu huu huu, wapo Mwanza, Musoma na Ukerewe, na wakifika huko wanakabidhiwa mashine ya kufunga nyuma ya chombo, ambayo nyumbani hawakuwahi kuigusa. Hiyo mashine inapokea amri ile ile, mafuta na gia.

Mmoja wa walioieneza mashine ya kufunga nyuma kibiashara ni Ole Evinrude wa Wisconsin, Marekani, kuanzia mwaka 1909.   Zile mashine zake za mwanzo hazikuwa na gia. Ukiwasha, chombo kinaondoka. Siku hizi zina mbele, frii na nyuma, na raha hiyo imekuja na waya wa kuharibika.

Zipo za aina mbili. Ndogo unaishika mkononi, unazungusha mkono kwa mafuta na gia iko pembeni ya mashine. Hiyo mwendesha bodaboda ataizoea upesi. Kubwa ina kisanduku mbele penye usukani, mkono mmoja tu unaofanya kazi mbili: unapousukuma kwanza unaingiza gia, ukiendelea unaongeza mafuta. Kutoka kwenye kisanduku zinakwenda nyaya mbili nyuma, moja ya gia na moja ya mafuta.

Mkono ukiwa mgumu kwenye boti, unafanya nini? Semeni nyie. Mkono, waya, mashine! Zima kabisa, toa ufunguo. Chomoa waya wa gia upande wa mashine. Sukuma mkono. Bado mgumu? Mashine haina kosa. Chomoa na upande wa kisanduku, pima waya peke yake. Mara nyingi utakuta kutu imeingia pale mwisho, kile chuma kinachotoka na kuingia kimevimba kwa kutu. Au waya umekunjwa kona kali mno nyuma ya viti, maana nyaya hizi zinataka zizunguke kwa upana, si kukunjwa kama kamba ya mbuzi.

Na hapa kuna tofauti kubwa na pikipiki. Nilisema waya wa pikipiki utie oili nyepesi. Waya wa boti wa namna hii usiujaze oili wala grisi kwa ndani. Wenyewe unavuta na unasukuma pia, umefungwa kiwandani, na ukianza kuwa mgumu bila kukunjwa vibaya, mara nyingi maana yake ganda la ndani limepasuka na maji yameingia. Ukiulainisha utakudanganya safari moja, halafu utakugomea unapokaribia mwambao, wakati unataka gia ya nyuma. Unabadilishwa, basi.

Ukipima gia upande wa mashine huku imezimwa, usilazimishe. Gia za boti zina meno ambayo hayakutani mpaka propela izunguke kidogo. Mwenzako azungushe propela kwa mkono huku wewe unasogeza gia, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye kisanduku. Ikiwa frii, propela izunguke huru. Ikiwa inashika kwenye frii, urefu wa waya haujarekebishwa sawa.

Na jinsi ya kuingiza gia mkiwa majini: injini ishushwe silensa kwanza, kisha ingiza kwa haraka na kwa uhakika. Mtu mpole anayeiingiza taratibu akidhani anaitunza, ndiye anayeyala meno yake. Yanagongana kwa pembe mpaka yanaviringika.

Kuna ubovu mwingine unaosingiziwa gia. Injini inanguruma, boti haiendi. Kabla ya kusema gia zimekwisha, tazama propela. Kwenye mashine ndogo kuna pini, propela ikigonga jiwe pini inakatika ili gia zipone. Huo ndio wajibu wake. Kwenye kubwa kuna mpira katikati ya propela, unaweza kuachia. Na ukishaitoa propela, angalia kama nyuzi za nyavu zimejisokota kwenye shafti, maana zinakata sili na maji yanaingia kwenye oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Nyingi ya mashine hizi zina kamba fupi yenye klipu, ya kujifunga mkononi au mguuni. Ukianguka majini inachomoka na injini inazima. Wengi wanaiacha inaning'inia kwenye mashine. Mwezi Mei mwaka 2013, huko Padstow, Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa nje ya boti yao ya mwendo kasi. Kamba haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Boti ikabaki na mafuta wazi, ikawa inazunguka pale pale walipokuwa wanaelea, ikawapitia. Baba na binti yake wa miaka minane walifariki.  Kwa hiyo mdogo wangu uliyeko Ukerewe, hiyo kamba ifunge.

Dakika zangu zinakwisha, na kuna swali moja limeulizwa na wengi: nyaya za akiba nibebeje, zikikaa kwenye mfuko zinakunjika? Dawa ni hii. Nunua waya mpya wa mafuta na wa klachi mapema, usisubiri ukatike. Ukimaliza kuutia oili, upitishe sambamba na ule unaoutumia, njia ile ile, chini ya tangi, kona zile zile, uufunge nao kwa tepu ya umeme. Ncha zake zifunge na nailoni vumbi lisiingie. Hakikisha tu usukani bado unageuka huru pande zote. Siku wa zamani ukikatika, hata iwe usiku katikati ya Bassodesh, huna haja ya kuinua tangi. Unachomoa ncha mbili za zamani, unachomeka ncha mbili mpya, unarekebisha nafasi, unaondoka. Unaponunua, shika kile kichwa cha risasi ukijaribu kukizungusha kwenye waya. Kikicheza, mrudishie muuzaji hapohapo.

Wiki ijayo tutakuwa na cheni na sproketi, na wale wanaokaza cheni mpaka inaimba tutazungumza nao.